Marlys na Leso za Karatasi

Marlys Haugerud alikuwa mwandishi wa vitabu vya mapenzi anayejulikana Marekani nzima, kasoro Nordby, Minnesota, mji aliozaliwa, ambako alikuwa mama wa kuleta leso za karatasi.

Usione hilo ni jambo dogo. Kwetu Nordby mtu akizikwa, akina mama wa kanisa la Kilutheri hushuka jikoni, kule chini ya kanisa, wakaandaa chakula cha waombolezaji, na kila mama ana kitu chake. Yuko wa mikate yenye nyama ya nguruwe. Yuko wa jeli ya kijani yenye karoti ndani, ndiyo, karoti, na tunaila na kushukuru. Wako wa hotdishi, yaani lile bakuli la oveni lenye nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo na viazi juu yake, ambalo kila mpishi anaapa kwamba la kwake ndilo. Na juu ya wote yuko anayesimama kwenye birika kubwa la kahawa, maana kila mfiwa na kila mmbea lazima apite mbele yake na kikombe. Leso za karatasi huagizwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, au mgeni aliyehamia juzi, au mtu aliyekosa. Marlys alikuwa mzima wa afya, na babu yake alikuwa miongoni mwa waliojenga kanisa lenyewe.

Birika lile lilikuwa la mama yake. Marehemu Bi Thelma alisimama pale maisha yake yote, akamwachia binti yake nafasi kama wengine wanavyoachiana shamba. Marlys hakujaliwa mtoto, na marafiki zake wote walikuwa jikoni mle. Akiwa pale na aproni yake, mkono kwenye bomba la kahawa, ndipo alipojiona mtu kati ya watu. Kwa hiyo siku simu ilipolia, na Ardis Kvamme, mkuu wa jikoni, akamwambia kwa upole, "Marlys, safari hii wewe tuletee leso za karatasi," alikaa chini akajisikia kama aliyefiwa ni yeye.

"Za rangi gani?" ndilo swali pekee lililomtoka.

"Nyeupe tu, mwenzangu. Nyeupe zinatosha."

Sababu hakupewa, na hakuuliza. Sisi hatuulizani. Mtu wa Nordby anaweza kuishi na jirani aliyemuudhi kwa miaka, akamsafishia theluji mlangoni kila kipupwe kikija, na asimwambie hata siku moja kwamba ameudhika. Tunaita hiyo adabu.

Kazi yenyewe ya uandishi haikuanzia kwenye kipaji, ilianzia kwenye hasira. Marlys alikuwa mpishi wa shule mpaka goti lilipomtoa kazini, na kipupwe cha kwanza cha kukaa nyumbani theluji ilipofika madirishani, akaokota kitabu cha mapenzi kilichosahauliwa na mpwa wake. Alisoma vizuri tu mpaka alipofika pale binti wa mfugaji anapomwandalia mpenzi wake nyama ya kuoka, bonge la paja la ng'ombe, na ikawa tayari kabla mpenzi hajamaliza kuvua viatu. Marlys akakitupa kitabu juu ya kochi.

"Orrin, huyu mwandishi hajawahi kushika sufuria."

Orrin, mumewe, alikuwa amestaafu kwenye ghala la nafaka na alikuwa katikati ya gazeti. "Basi andika wewe," akasema. Alitaka tu anyamaze amalizie habari za bei ya mahindi. Hivyo ndivyo utajiri ulivyoingia nyumba ile, kwa mlango wa mtu asiyetaka kusumbuliwa.

Marlys akaandika, kwenye meza ya chakula, pembeni ya cherehani. Hadithi aliiweka Montana, kwa sababu hajawahi kufika Montana, na mtu wa Nordby asingeweza kumwambia kwamba mambo hayako hivyo. Akatunga mji, akauita Bonde la Mbwa Mwitu, akaujaza wanaume warefu, kila mmoja na ranchi yake na jeraha lake la moyo. Shati katika bonde lile lilikuwa kitu adimu. Wanaume wale walipasua kuni vifua wazi katikati ya Januari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukohoa.

Wachapishaji wa New York walimjibu kwa heshima kwamba hapana. Haya, akajichapishia mwenyewe. Siku hizi inawezekana: unakaa nyumbani na kompyuta, wewe ndiye mwandishi, wewe ndiye mhariri, wewe ndiye mpiga debe, duka la mtandaoni linauza na wewe unangoja. Picha ya jalada alinunua ya bei nafuu, kifua cha mwanamume kilichokatwa shingoni, kwa sababu wenye vichwa walikuwa ghali. Jina akajiita Seraphina Duvall-Stone, jina ambalo ukilisikia tu unajua mwenyewe hajawahi kukwangua masizi ya oveni.

Na vitabu vikanunuliwa, jamani. Vilinunuliwa Texas, vikanunuliwa Ohio, vikanunuliwa na wauguzi wa zamu na wake za wachungaji. Orrin alijengewa banda jipya la gari ambalo hakuliomba, na ndani yake akapewa kazi ya kufungasha vitabu vyenye sahihi ya mkewe na kuvipeleka posta. Alifungasha kwa uangalifu wa mtu wa ghala, na hakufungua hata kimoja. "Mimi nawajua wanaume," alisema. "Sina haja ya kusoma habari zao."

Sasa, wasomaji wa mapenzi ni watu wa amani, ila usiwaguse kwenye kanuni zao. Mbwa asife. Mwisho uwe wa furaha, tena furaha iliyoandikwa waziwazi, si ya kukisia. Na kubwa kuliko yote, yeyote utakayempitisha kitabuni akiwa na jina, watamdai. Mdogo wake shujaa anaingia sura ya tatu, anasema habari za asubuhi, anatoka, basi. Kesho yake barua pepe zinamiminika: zamu yake lini? Ndiyo maana mfululizo haukuisha. Marlys aliwaoza ndugu wanne, akaoza binamu zao, akamwoza daktari wa mifugo, mkuu wa polisi na mchungaji mjane. Alimwoza hata mwizi wa ng'ombe wa kitabu cha sita, aliyetoka jela akakutana na mjane mwenye shamba kubwa na roho ya kusamehe.

Barua zilipozidi akaipa kompyuta kazi ya kujibu. Yeyote aliyeandika, chochote alichoandika, alipata papo hapo: "Asante, kipenzi changu! Endelea kusoma!" na mioyo mitatu myekundu.

"Hata anayekutukana?" Orrin aliuliza.

"Hata yeye. Huenda akaona haya."

Katika bonde zima alibaki mtu mmoja tu bila mwenzi, naye ni Bi Hester Crabb. Huyu Marlys alimweka kwa ajili ya kuchekesha. Mama wa makamo yaliyopitiliza, hajawahi kuolewa, anakaa kwenye baraza ya kanisa, pale nje ya mlango, na sahani ya keki zake za tende, na keki zenyewe ni kavu hasa. Kitabu cha pili shujaa anapaliwa nayo nusura afe kabla ya busu la kwanza. Kitabu cha tano watoto wanaichezea hoki kwenye barafu. Kila kitabu kilikuwa na kichekesho kimoja cha keki za Bi Hester, na wasomaji walikipenda.

Keki zile Marlys hakuzibuni. Zilikuwa za Ardis Kvamme, huyo huyo mkuu wa jikoni. Kila mtu Nordby ameshazila msibani, akachovya kipande kwenye kahawa kwa siri, chini ya meza, kisha akasema, "Ardis, leo umetuweza." Lakini Marlys alikuwa na hakika hakuna mtu wa Nordby atakayesoma Seraphina Duvall-Stone, na wa mwisho kabisa angekuwa Ardis, mwanamke aliyeonekana kusoma Biblia na orodha ya mbegu za bustani peke yake.

Siri ilivuja posta. Orrin alikuwa anakaribia dirisha la kupokelea mizigo, nyuma yake foleni ya nusu ya usharika, na kasha likafumuka chini. Vitabu vikateleza sakafuni mpaka miguuni kwa watu, vifua vitupu thelathini visivyo na vichwa, na juu ya kila jalada sahihi ya bluu ya Seraphina, kwa mwandiko ambao kila aliyewahi kupokea kadi ya Krismasi ya Marlys aliujua. Watu wakainama, wakaokota, wakamrudishia Orrin bila kusema neno, kwa uso ule wanaotumia kurudisha nguo za ndani za jirani zilizopeperushwa na upepo. Nyumbani Orrin alivihesabu akakuta kimoja hakipo.

Hakuna aliyemsema Marlys. Mmoja tu alimwambia dukani, "Tunasikia unaandika," naye akajibu, "Kidogo kidogo tu," na yule akasema ni vizuri mtu kuwa na cha kufanya kipupwe. Mazungumzo yakaishia hapo. Msiba uliofuata, miezi kadhaa baadaye, ndipo ikaja ile simu ya leso.

Marlys hakuwa mjinga, alijua tatizo ni yale mambo ya chumbani. Bonde la Mbwa Mwitu lilikuwa na mambo ya chumbani ya kutosha, na mengine yalifanyikia zizini. Akaamua kujirekebisha. Kitabu cha kumi na tano kikatoka kisafi kama shuka la hospitali: wapendanao wanashikana mikono, wanasali, na mwisho kabisa wanabusiana, tena shavuni. Wasomaji nusura waandamane. Mama mmoja wa Ohio alikipa nyota moja kati ya tano kule dukani mtandaoni, akaandika: "Nimesoma kitabu kizima nikingoja wafunge mlango wa chumba. Walipoufunga, kumbe ni kwa sababu ya baridi."

Kwa Nordby hakikubadili kitu. Ulikuja msiba mwingine, na leso zikaagizwa tena.

Basi Marlys akafanya kosa la mtu mwenye hela, akanunua. Aliagiza kutoka Minneapolis birika jipya la kahawa, la chuma kinachong'aa, lenye mabomba matatu na taa, akalitoa kanisani bila kutaja jina. Mchungaji akamshukuru mtu mwenye moyo mkunjufu ambaye hakutaka kutajwa, na kanisa zima likageuza shingo kumtazama mtu ambaye hakutaka kutajwa. Akina mama walishuka jikoni kulitazama. "Ni kubwa kweli," mmoja akasema. Kwetu hilo ni tusi. Jumapili iliyofuata Marlys alilikuta limefunikwa kitambaa cha meza na juu yake pamewekwa chungu cha maua, na birika kuukuu la mama yake linachemka palepale, mikononi mwa mwanamke mwingine.

Siku hiyo alilia ndani ya gari. Orrin alikaa kwenye usukani bila kuwasha.

"Labda si mambo ya chumbani," akasema mwishowe.

"Sasa ni nini?"

"Muulize Ardis."

"Nimuulize? Orrin, mimi na wewe tumeoana tangu lini, na umewahi kuniuliza mimi kitu?"

Orrin akafikiri. "Nilikuuliza kama utaolewa na mimi."

"Ulisema mama yako anataka kujua."

"Basi kwa njia ile ile," Orrin akasema, akawasha gari.

Alipokufa mzee Torvald Lien, Marlys alikwenda na leso zake mapema kuliko kawaida. Alimkuta Ardis peke yake jikoni, amevaa sweta lake la kijivu, anakata keki za tende vipande vya mraba, na kisu kinalia kama anakata mbao. Marlys akapiga moyo konde.

"Ardis, nataka kukuuliza kitu."

Kisu kikasimama. Nordby mtu akisema anataka kukuuliza kitu, ujue nyumba inaungua au majibu ya daktari yametoka.

"Uliza."

"Ni yale mambo ya chumbani, sivyo? Kwenye vitabu vyangu. Najua yamewachukiza. Ndiyo maana nikaandika kile ambacho hayamo."

"Nimekisoma," Ardis akasema. "Kilinichosha."

Marlys aliduwaa, leso mkononi. "Umekisoma wewe?"

"Vyote nimevisoma. Kile cha kwanza nilikiokota posta nikakitia mkobani. Nitakulipa."

"Si lazima unilipe."

"Nitakulipa, mimi si mwizi. Vingine nimenunua, nasomea kwenye kishikwambi, na kishikwambi hakina jalada la kumwaibisha mtu. Na hayo ya chumbani, mwenzangu, mimi nimekulia shambani. Nimezalisha ng'ombe kwa mikono hii unayoiona. Ulidhani nitazimia kwa sababu mwanamume kavua shati?"

Marlys akaitazama sinia iliyo mezani. Hapo ndipo alipoelewa, au alidhani ameelewa, na uso wote ukapata moto. "Basi ni keki," akasema kwa sauti ndogo. "Ardis, naomba unisamehe. Ulikuwa utani tu."

"Keki zangu ni kavu," Ardis alisema, kama anayetaja saa. "Ndivyo alivyozipika mama yangu. Zilikuwa za kubebwa shambani wakati wa mavuno, zikae wiki nzima zisiharibike. Mnazichovya chini ya meza tangu mko wasichana, mnafikiri sioni? Nina macho. Pale watoto walipozichezea hoki nilicheka mpaka paka akakimbia."

"Sasa nimekukosea nini, dada yangu?"

Ardis aliisogeza sinia pembeni. Alikiosha kisu, akakifuta, akakifuta tena mahali palipokwisha kukauka.

"Mji ule ni wako," akasema. "Wewe ndiye unayegawa. Daktari wa mifugo umempa mke. Mchungaji umempa. Wale ndugu wanne umewapa wote, hata yule asiyeoga. Mwizi wa ng'ombe, Marlys, mwizi, katoka jela kakuta mjane na shamba vinamngoja. Hester je? Vitabu kumi na vitano yule mama yuko barazani na sahani yake, watu wanapita, wanacheka, wanakwenda harusini. Ungekuwa umeishiwa wanaume ningekuelewa. Lakini unawatunga kichwani. Hawakugharimu kitu."

Marlys alizikaza leso kifuani.

"Nilikuandikia," Ardis akaendelea, sasa hamtazami. "Mara nne. Sikuweka jina langu, niliuliza tu kwa adabu, zamu ya Hester lini. Ukanijibu kwamba mimi ni kipenzi chako. Na mioyo mitatu."

Mlangoni akina mama wengine walikuwa wameanza kuingia na mabakuli yao, wanakung'uta theluji viatuni. Ardis akarudisha kisu kwenye keki. "Leso weka pale mwisho wa meza," akasema kwa sauti yake ya kila siku.

Marlys hakuona chochote cha maziko yale. Aliona aibu tupu. Ardis alimuuguza baba yake mpaka mzee akafa, na wakati huo wasichana wenzake walikuwa wanaolewa mmoja baada ya mwingine, na harusi zote za Nordby, ikiwemo ya Marlys mwenyewe, ni Ardis aliyekata keki na kuwagawia watu. Hakuna aliyemuuliza kama naye angependa. Tulimwona ameshika kisu tukaona amepata nafasi yake. Na Marlys, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu wapenzi, alimtazama mwanamke yule maisha yake yote akaona keki.

"Umemuuliza?" Orrin alisema jioni.

"Nimemuuliza."

"Na bado mko hai wote wawili."

"Orrin, nyamaza nifikiri."

Kumtafutia Hester mwanamume ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Kwanza Marlys alimpa tajiri wa ranchi, mjane, mwenye mvi za kupendeza, na kifua kilichobaki imara kwa njia ambayo sayansi ingependa kuielewa. Hester hakumtaka. Kila Marlys alipowaweka meza moja, yule mama alimtazama tajiri kama mtu anayeuza bima. Akampa nahodha mstaafu, ikawa vile vile. Wenzake wa mtandaoni, waandishi wa mapenzi kama yeye, walimwonya aache kabisa. Nani atanunua mapenzi ya bibi wa miaka sitini na nane mwenye sweta, walimwambia, na mmoja akashauri kwamba ikibidi, basi jaladani wamweke kijana kifua wazi hivyo hivyo, kwa heshima ya desturi.

Asubuhi moja alikuwa anamtazama Orrin anakunywa kahawa yake ya asubuhi. Orrin alichukua mkate mkavu wa jana, akauchovya kikombeni, mezani, mchana kweupe, akaula na kuchukua mwingine. Amefanya hivyo tangu walipooana. Marlys alimkodolea macho mpaka yule mzee akaacha kutafuna.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Kula."

Ndipo alipopatikana Lowell. Lowell aliendesha lori la maziwa mpaka alipostaafu. Hana ranchi, hana jeraha la moyo la kutaja, na ni mwanamume wa kwanza katika historia ya Bonde la Mbwa Mwitu aliyevaa shati kutoka ukurasa wa kwanza, vifungo vyote vimefungwa. Anafika barazani kwa kanisa, anachukua keki ya tende kwenye sahani ya Bi Hester, anaichovya kwenye kahawa mbele ya watu wote, anaila yote. Kisha anaomba nyingine. Kesho yake anarudi, na kesho kutwa. Shati linakuja kuvuliwa baadaye, kwa wakati wake, na Marlys hakufunga mlango. Alikumbuka kwamba kuna msomaji aliyekulia shambani.

Jaladani aliweka kikombe cha kahawa. Kitabu hakikuuzwa kama kaka zake wenye vifua, tusidanganyane. Lakini barua zilikuja za aina nyingine, kutoka kwa wanawake ambao hawakuwa wamewahi kuandika, na hazikuuliza zamu ya nani inafuata. Marlys aliizuia kompyuta isijibu tena, akawa anajibu mwenyewe, mmoja mmoja, na mioyo aliiondoa.

Nordby, kimya. Wiki zikapita. Jumapili Ardis alimsalimia kama kawaida, habari za baridi, habari za goti, na hakugusia kitu. Msiba mmoja ukapita katikati na Marlys akapeleka leso, nyeupe, akaziweka mwisho wa meza. Alijikaza. Usiku alimwambia Orrin kwamba pengine amelikoroga zaidi, kwamba kumpa mtu mpenzi wa kwenye karatasi ni dharau kubwa kuliko kumnyima. Orrin alisema hajui, yeye ni mtu wa ghala la nafaka.

Theluji ilipoanza kuyeyuka akafa mzee Gerhard Moen, na simu ikalia wakati Marlys anamenya viazi.

"Yule Lowell," ilisema sauti ya Ardis, bila salamu.

Marlys akaweka kisu chini. "Ndiyo."

"Anachovya juu ya meza."

"Ndiyo. Haoni sababu ya kujificha."

"Na anajua kwamba ni kavu?"

"Anajua tangu siku ya kwanza."

"Na anarudi."

"Kila siku, Ardis."

Marlys alimsikia akipumua, kisha akamsikia akipenga kamasi, mbali kidogo na simu, kama mtu asiyetaka kusikiwa.

"Haya," Ardis akasema. "Jumamosi tunamzika Gerhard. Leso ataleta mke wa mchungaji. Wewe njoo mapema usimame kwenye birika la mama yako, keki za tende naleta mimi." Kisha akaongeza: "Chemsha kahawa ya kutosha."